Aliyekosa Namba Kumi na Tatu

Kama kulikuwa na maneno mawili yaliyomchefua Fundi kuliko kuambiwa nguo imembana mteja makwapani, ni haya: damu nzuri. Aliambiwa hivyo mimba ya kwanza ilipotoka. Akaambiwa tena ya pili ilipotoka. Ya tatu ilipomtoka, daktari wa kliniki aliyasema huku anatabasamu, utadhani anamkabidhi zawadi.

"Vipimo vyote viko sawa, dada. Damu yako nzuri kabisa."

"Sasa hiyo nzuri, mbona haitaki kutulia ndani?" Fundi akamuuliza.

Daktari akacheka. Fundi hakucheka. Alivaa viatu vyake, akafunga sweta kiunoni kuficha doa, akaenda zake nyumbani kumalizia koti la watu.

Alikuwa mshona nguo, na katika mtaa ule hakuna aliyemfikia. Chumba chake cha kazi kilikuwa mbele ya nyumba, dirisha linatazama barabara, na ndani mlikuwa na cherehani ya kukanyaga, meza ya kukatia, pasi nzito na kioo kirefu kilichopasuka kona. Wateja walimwogopa kidogo. Hakupokea kitambaa kabla ya kukivuta na kukipapasa, na hakuruhusu mtu aingize tumbo ndani wakati wa kupimwa kiuno. "Pumua," aliwaambia. "Nguo hii utaivaa ukiwa hai." Alikuwa na ulimi, hilo hakuna aliyebisha, lakini nguo zake zilikaa mwilini, na kwa nguo inayokaa mwilini watu huvumilia mengi.

Mwili wake ulikuwa na kituko kimoja alichokizoea tangu utoto. Damu yake ilikuwa inachelewa. Akijikata na mkasi, damu ilitoka kidogo, ikakauka, mambo yakaisha. Kesho yake, wakati hata yeye ameshasahau, kidonda kilifumuka na kumwaga damu utadhani ndiyo kwanza kimekatwa. Alipong'olewa jino alirudi nyumbani kwa miguu, anatembea kwa madaha, na kesho yake akalowesha mataulo ya nyumba nzima. Hakuwahi kumsimulia daktari yeyote habari hizo. Wao walimuuliza juu ya mimba, hawakumuuliza juu ya jino, na yeye hakuwa mtu wa kujibu asichoulizwa.

Juu ya mimba, lakini, mtaa mzima ulikuwa na shahada. Huyu alisema analala vibaya. Yule akasema ana hasira, na mtoto hakai kwa mama mwenye hasira, jambo ambalo lilimwongezea Fundi hasira. Wengi waliilaumu cherehani: ule mguu unaokanyaga kutwa ndio unaotikisa tumbo. Hata mumewe, mtu mpole aliyekuwa akitengeneza mafriji, akayaamini hayo. Siku moja Fundi aliingia kazini akakuta mkanda wa cherehani haupo. Aliutafuta asubuhi nzima, mteja amekaa anasubiri suruali, mpaka akaukuta ndani ya sanduku la mabomba ya gesi ya mumewe.

"Nilitaka kukuondolea kishawishi tu," mumewe akasema.

"Tumbo halina kitu," Fundi akamjibu. "Sasa hivi unamlinda nani?"

Jibu lile lilimuuma mumewe, na Fundi akajuta kulitoa, lakini mkanda aliufunga palepale akaendelea kushona.

Kuliko wote, hata hivyo, aliyemkalia kooni ni mama mkwe. Mama huyu aliishi nao, chumba cha nyuma, tangu alipoacha kuuza duka la vyombo. Hakuwa mkwe mbaya. Laiti angekuwa mbaya, Fundi angejua la kufanya. Alimpenda mke wa mwanawe kuliko mabinti aliowazaa, na mapenzi yake hayakujua kubisha hodi. Aliingia chumbani akampapasa paji la uso. Alimpokonya ndoo. Alihesabu matonge yake mezani. Na kila jioni alirudi kutoka nyumba ya tatu, kwa mke wa muuza vioo, akiwa na hadithi ileile mpya.

"Mwenzako naye zilikuwa zinamtoka hivihivi," alisema huku akijiweka sawa kwenye kigoda. "Akapewa vidonge vya kulainisha damu. Vidogo, vyeupe. Muone mtoto wake alivyo na mashavu."

"Nimemuona, Mama."

"Mashavu yale si ya kawaida."

"Nimeyaona, Mama."

"Basi waombe na wewe wakupe."

Fundi aliomba. Si kwamba aliamini, alichoka tu kubishana. Ndipo kliniki wakampeleka kwa daktari wa damu, mama mmoja mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, aliyekuwa na tabia ya kumsikiliza mtu huku amefumba macho. Fundi alidhani amelala. Akamaliza maelezo yake kwa sauti ya juu kidogo, makusudi.

"Sijalala," daktari akasema. "Umewahi kung'olewa jino?"

Fundi akamtazama vizuri. Akamsimulia habari ya jino, ya mkasi, na ya kidonda kinachongoja kesho. Daktari akafumbua macho.

"Na kitovu chako? Ulipokuwa mchanga, kilipokatika, kilitoka damu?"

"Daktari, mimi ni mtu mzima. Nitakumbukaje kitovu?"

"Mama yako yupo?"

Mama yake alikuwapo, mji mwingine, na simu ilipatikana palepale ofisini. Mzee yule hakusita hata kidogo. "Kilivuja!" akasema kwa nguvu mpaka daktari akasikia. "Kilivuja, nikawa nalala nimekishika na kitambaa. Tulikwisha kukata tamaa juu yako. Ukaponea chupuchupu."

"Na miaka yote hii, Mama, mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Fundi akakata simu, akaona alikotoa ulimi wake.

Walimtoa damu, wakamwambia arudi. Aliporudi, daktari hakumkalisha ofisini. Alimpeleka maabara, ambako fundi wa maabara, kijeba mmoja mwenye koti lililopungua vifungo, alikuwa na vichupa viwili vya kioo mezani. Cha kwanza kilikuwa na damu yake mwenyewe, akaeleza, alijitoa ili pawe na ya kulinganisha. Cha pili kilikuwa na ya Fundi. Zote mbili zilikuwa zimeganda, kila moja donge lake, na kwa macho hazikuwa na tofauti.

"Hapo ndipo wote walipoishia," daktari akasema. "Walipima kama inaganda. Inaganda. Wakasema nzuri."

Kijeba akamimina dawa ya maji maji katika kila kichupa, kisha wakangoja. Fundi aliinama mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Donge la kijeba lilibaki pale pale, limekaza. Lile lake likaanza kulainika pembeni, likawa na nyuzinyuzi, likapungua, na baada ya muda hapakuwa na donge tena, palikuwa na maji yaliyochafuka. Alipoliona likiyeyuka alijisikia vibaya, si kwa kichefuchefu, ila kwa huzuni. Alikuwa ameliona jambo hilo mara tatu bila kujua ni hilo.

Daktari akaanza kueleza. Damu ina vitu vinavyoigandisha, vimepewa namba, na kila kimoja kinafanya kazi kwa zamu. Vya mwanzo vinalifanya donge. Cha mwisho, namba kumi na tatu, kinalikaza. Fundi hakuwa nacho, na hakuwa nacho kwa sababu wazazi wake walikuwa binamu, watoto wa mtu na kaka yake, na kila mmoja alimpa upungufu. Akataja saruji, akataja nondo, akataja zege ambayo haijakauka, mpaka Fundi akaona mama wa watu anahangaika bure.

"Unataka kusema imepigwa bandi, haijashonwa."

"Bandi ndiyo nini?"

"Ule mshono wa muda. Unashikiza kitambaa kwa nyuzi ndefu kabla hujapitisha cherehani. Kwa macho nguo imekamilika. Mtu akiivaa, akainua mkono tu, imeachia."

"Basi hivyo," daktari akasema, na kwa mara ya kwanza akacheka.

Akamweleza na la mimba. Kiinitete, kile kidogo kabisa ambacho hata mama mwenyewe hajakijua, hujichimbia kwenye ukuta wa tumbo la uzazi ili kipate pa kushika, na pale kinapochimba damu hutoka. Lazima igande, na ikaze, kwa sababu juu ya hapo ndipo kondo la nyuma linapojijenga. Kwa Fundi iliganda ikaachia. Kondo lilibanduka taratibu, kama plasta kwenye ukuta wenye unyevu, na mtoto akatoka nalo. Hakukuwa na kosa la cherehani, wala la hasira.

"Na huyo mtoto mwenyewe? Hatakosa hiyo namba?"

"Mumeo si ndugu yako?"

"Hata kidogo."

"Basi atapata ya baba yake, atajitengenezea mwenyewe. Vile vitu vinafanya kazi hata ndani yake. Vingine vinamsaidia kujenga mishipa kabla hajawa na damu ya kujaza kijiko. Kwa mtoto sina wasiwasi. Wasiwasi wangu ni pale anaposhikilia. Pale ni pako."

Dawa ilikuwapo, na haikuwa kidonge. Ilikuwa sehemu ya damu ya watu wengine, iliyochujwa na kugandishwa kwenye friji kubwa la hospitali, ikiyeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu na kupitishwa kwa dripu kila baada ya wiki chache, kabla ya mimba na kwa mimba yote. Mumewe alipata faraja kubwa aliposikia neno friji. Mara ya kwanza waliyokwenda aliweka sikio kwenye mlango wa chumba cha damu akasikiliza. "Mota inakoroma," akamwambia nesi. Mara ya pili alikuja na bisibisi. Wakamfukuza mpaka getini, na Fundi akaipokea dripu peke yake, akitazama dari, akijiuliza Mungu alikuwa anafikiria nini alipomgawia watu hawa.

Mimba ikaingia. Ikapita pale ilipotoka ya kwanza. Ikapita pale pa ya pili. Ilipopita pa ya tatu, Fundi alifunga mlango wa chumba cha kazi, akakaa kwenye meza ya kukatia, akalia mpaka akapata kwikwi, kisha akanawa uso akafungua mlango na kumwambia mteja aliyekuwa nje kwamba alikuwa anatafuta kifungo. Hofu haikumtoka, lakini sasa ilikuwa hofu ya mtu mwenye kitu cha kupoteza.

Wengine wote walichanganyikiwa. Mumewe alibandika tambara kwenye kila kona ya meza. Mama mkwe alianza desturi ya chai. Kila asubuhi alikuja na chupa ya chai na kikombe kimoja kikubwa cha bati, akamimina mwenyewe, akasimama pale mpaka Fundi amalize.

"Yote, mwanangu. Mpaka chini."

"Mama, ni chachu."

"Ni nguvu hiyo. Kunywa."

Fundi alikunywa. Angeweza kubisha, na kwa kawaida angebisha, lakini kuna kuchoka kunakomfanya mtu mkali ameze anachopewa ili aachwe ashone.

Tumbo lilipokuwa limeanza kuonekana hata ndani ya nguo pana, aliona alama za bluu mapajani, kama mtu aliyegongwa na kitu. Hakugongwa. Fizi zikamtoka damu alipopiga mswaki. Akajiambia ni brashi ngumu. Kisha, asubuhi moja akiwa anapiga pasi, akahisi unyevu anaoufahamu, akaizima pasi, akaiweka wima, akaenda chooni, akatazama. Lilikuwa doa dogo. Alilijua doa lile kama anavyojua sura yake.

Walikwenda wote watatu, kwa sababu hakuna aliyekubali kubaki. Daktari wa damu alimlaza, akaweka kipimo tumboni, na moyo wa mtoto ukasikika unakimbia. Hapo tu ndipo Fundi alipopumua. Lakini daktari alikuwa amekunja uso. Dripu ziliingia zote, kwa wakati. Damu ilitakiwa kukaza.

"Friji lile, daktari," mumewe akaanza. "Mimi nilisema."

"Friji limepimwa leo asubuhi. Dada, umekunywa dawa yoyote?"

"Hakuna."

"Ya kichwa? Ya mafua? Ya mitishamba?"

"Daktari, mimi simezi kitu. Muulize huyu anayenilinda mchana kutwa."

Wote wakamgeukia mama mkwe, aliyekuwa amekaa kando ya mlango na chupa yake ya chai mapajani. Na yule mama, badala ya kutikisa kichwa, akajinyoosha. Uso wake ulikuwa na fahari ya mtu aliyengoja muda mrefu kushukuriwa.

"Daktari, nitasema, maana sasa mtoto ameshika. Hawa wawili wangejua wangebisha. Vile vidonge vyeupe alivyopewa mke wa muuza vioo, vilimbakia. Nimekuwa nikimsagia kwenye chai. Kama si vile, hii nayo ingekuwa imetoka zamani."

"Mwenzake alikuwa anameza kimoja kwa siku," mama mkwe akaendelea, sasa akieleza utaalamu wake. "Mimi nikaona wa huyu ni ugonjwa mkubwa zaidi. Nikatia viwili."

Daktari akavua miwani. Akaeleza taratibu, bila kupaza sauti, kwamba mke wa muuza vioo na Fundi walikuwa na shida mbili zinazotazamana. Damu ya yule ilikuwa inaganda kupita kiasi, ikaziba njia inayompelekea mtoto chakula, ndiyo maana alipewa vidonge vya kuizuia. Damu ya Fundi ilikuwa haishikilii. Kumpa vidonge vile ilikuwa kufungua kwa mkono mmoja kile ambacho dripu inafunga kwa mwingine. Mimba za wote wawili zilitoka, kwa nje zilifanana, na hapo ndipo kufanana kulipokwisha.

Kadiri daktari alivyosema, ndivyo mama mkwe alivyozidi kusinyaa kitini. Fahari ilimtoka usoni ikabaki sura ya mwanamke mzee.

"Mama," Fundi akasema, akiwa amelala chali, hamtazami. "Toka nje."

Katika miaka yote ya kuishi pamoja hakuwahi kumwambia hivyo. Mama mkwe akanyanyuka, akaikumbatia chupa, akatoka. Mumewe alisimama katikati ya chumba, hajui mguu upi uende wapi.

"Mke wangu, Mama alikuwa na nia nzuri."

"Nia nzuri!" Fundi akapasuka. "Damu nzuri, nia nzuri, nimechoshwa na vitu vizuri! Kila mtu ananiletea kizuri chake na mimi ndiye ninayefua mashuka! Mwambie mama yako aniletee kibaya, kwa mara moja tu, nikijue, nikitupe dirishani!"

Nesi aliingia kumtuliza. Daktari akamtoa nje, akasema muache mwenye mwili aseme. Fundi alisema. Alisema yote aliyoyameza kwa miaka, kuanzia mkanda wa cherehani mpaka yale mashavu, na alipomaliza mumewe alikuwa amekaa chini sakafuni ameshika mguu wake kama mtoto.

Alilazwa. Dawa ile ya vidonge, daktari alisema, haiondoki mara moja, inabidi mwili uimalize wenyewe. Kila asubuhi alitazama kwanza shuka, kisha ndipo alipomtazama nesi. Doa lilipungua, likawa rangi ya kutu, likapotea. Mama mkwe hakuingia wodini. Alikuja kila siku akasimama upande wa pili wa dirisha la kioo na chupa ya maji ya dukani, akaiinua juu na kuizungusha ili Fundi aone kifuniko hakijafunguliwa, kisha akampa nesi. Hilo nalo lilimuudhi Fundi. Alimwambia mumewe amkataze, halafu kesho yake, kabla ya saa za kutazama wagonjwa, akajikuta anatazama dirisha.

Alipotoka alirudi nyumbani, akashona kwa mkono akiwa ameegemea mito, akajipikia kila kitu kilichoingia mdomoni mwake. Mama mkwe alizungumza naye kwa adabu ya mgeni. Hawakugombana hata mara moja, na nyumba ikawa na ukimya uliomtia mumewe wasiwasi kuliko ugomvi wowote.

Siku za kuzaa zilipofika walimwekea dripu kwanza, na nyingine ikakaa tayari imeyeyushwa. Alizaa mchana, mtoto wa kike, mwenye sauti ya kugombeza. Manesi wakapiga makofi. Mumewe akawapigia simu watu ambao hata hawakumjua vizuri. Mke wa muuza vioo akatuma salamu. Ujumbe ulimiminika: hongera, hongera, umeshinda.

"Subirini kesho," Fundi akasema.

"Kesho kuna nini?" nesi akamuuliza, anacheka.

"Damu yangu huja kesho."

Hakuna aliyemwelewa isipokuwa daktari, ambaye alipiga simu mara kadhaa jioni ile akiuliza kila mara kama damu imeanza kumwagika. Fundi alimshika mtoto na hakukubali kumfurahia. Alikuwa amejinyima hilo kwa makusudi, maana alijijua: akishafurahi hataweza kurudi nyuma. Asubuhi ikafika. Akangoja. Adhuhuri ikafika. Nesi alimbadilisha nguo akamwambia ni kiasi kile cha kawaida, cha kila mzazi. Alasiri daktari akaja, akatazama mwenyewe, akavua glavu.

"Sema," Fundi akamwambia. "Ila usiseme nzuri."

"Imekaza."

Ndipo alipomfunua mtoto, akamtazama vidole, akamtazama masikio, akamnusa kichwani, akacheka kwa sauti mpaka mama wa kitanda cha jirani akaamka. Kipimo cha mtoto kilirudi baadaye kikiwa na namba zote, pamoja na ile aliyoikosa mama yake, na daktari alipokisoma hakufumba macho.

Walirudi nyumbani. Asubuhi iliyofuata mumewe alitoka mapema kwenda kwenye friji la mchinjaji lililogoma, na Fundi akabaki kitandani na mtoto, dirisha wazi, jiko halijawashwa. Mama mkwe akabisha hodi. Hiyo pekee ilikuwa habari. Aliingia akasimama karibu na mlango, mikono mitupu, ameushika mmoja kwa mwingine.

"Nikutilie chai?"

"Nimeshakunywa, Mama."

Jiko lilikuwa baridi na wote wawili walilijua hilo. Mama mkwe aliitikia kwa kichwa, akageuka kuondoka.

"Mama."

Akasimama.

"Mshike huyu."

Mama mkwe hakusogea. Ilimbidi Fundi ainuke, avuke chumba, yeye mwenyewe amweke mtoto mikononi mwa mama mkwe.

"Muoshe, muoneshe jua, mvalishe. Kaa naye mpaka nitakapomhitaji."

"Mimi?"

"Kuna mwingine humu?"

Fundi akaenda jikoni. Kupitia ukutani alimsikia mama mkwe akimwambia mtoto, kwa sauti ya chini, kwamba mama yake amemwamini bibi na mtoto, lakini na kikombe hatamwamini tena, na kwamba mama ana haki. Fundi akasimama na kiberiti mkononi. Alimhurumia, alimhurumia kweli, na alitamani awe mtu wa kurudi mle ndani akaseme basi, Mama, yamekwisha, nitilie. Akangoja kidogo aone kama ataweza. Hakuweza. Akawasha jiko, akachemsha chai yake mwenyewe, akainywa akiwa amesimama.